Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari chuoni: namna ya kuiandaa kuanzia sifuri

Kila muhula maswali ni yaleyale kutoka kwa wanafunzi wanaotaka kufanya jambo kuhusu mauaji ya kimbari chuoni kwao. Tuanzie wapi? Tukiwa watano tunatosha? Lazima tuandamane? Picha za maiti tuweke au tuache? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo majibu yote nimeyaweka hapa.

Nimeshiriki kuandaa wiki hizi mara kadhaa na nimekosea mara nyingi. Nilichobaki nacho ni hiki: swali la kwanza la mpita njia kila mtu analimudu. Ni swali la pili linalofichua kama mmesoma au mmebeba mabango tu. Basi kazi yote inayofuata, kuanzia daftari hadi meza, ni ya kuwaandaa kwa swali la pili.

Mwongozo huu ni wa wiki moja ya shughuli. Mkiweza siku moja tu, fanyeni siku moja, ila hatua ya 2 na ya 3 msiziruke.

MNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

- Watu watano hadi wanane wanaofika vikaoni. Grupu la WhatsApp lenye watu 200 wanaotuma alama ya ngumi halipangi viti.
- Wiki sita. Mbili za kusoma, mbili za kuomba vibali na kuongea na watu, moja ya kuandaa vitu, moja ya shughuli yenyewe.
- Mhadhiri mmoja mnayeweza kumpigia simu mambo yakikwama. Wa historia, sheria au siasa anafaa zaidi, lakini hata wa hesabu anatosha kama ana msimamo.
- Jina na namba ya mtu wa ushauri nasaha hapo chuoni, aliyekwishaambiwa tarehe zenu.
- Meza moja, viti viwili, karatasi za manila, makapeni, selotepu ya karatasi (ile isiyobandua rangi ya ukuta), na kitu kizito cha kuzuia vipeperushi visipeperuke kweli.
- Daftari moja la vyanzo. Kazi yake iko hatua ya 2.

HATUA KWA HATUA

1. Chagueni tukio moja.

Kikundi kipya hutaka kusema yote kwa pamoja: Waarmenia, Wayahudi, Kambodia, Rwanda, Bosnia, Darfur, Warohingya, Gaza, vyote kwenye bango moja kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Msomaji anaondoka na orodha ya majina ya nchi. Chagueni moja liwe kitovu, mengine yatajwe pembeni.

Kigezo changu ni kimoja: je, kuna uzi unaolifikisha tukio hilo chuoni kwenu? Nyuzi hizi ni nyingi kuliko mnavyodhani. Wanajeshi wa Ujerumani walipowaangamiza Waherero na Wanama kati ya 1904 na 1908, katika nchi ambayo leo ni Namibia, mafuvu ya waliokufa yalisafirishwa hadi Ujerumani ili wasomi wayapime. Mwaka 2011 ndipo hospitali ya chuo kikuu ya Charité, mjini Berlin, iliporudisha mafuvu 20 kwa Wanamibia. Takriban karne nzima mabaki ya watu yalikaa kwenye makabati ya taaluma. Chuo chenu huenda kina makusanyo ya namna hiyo, au hisa mahali fulani, au mwanafunzi ambaye bibi yake alivuka mpaka akiwa na mtoto mgongoni. Tafuteni uzi huo kwanza.

2. Someni kwa wiki mbili, na mwandike.

Hapa ndipo vikundi vingi vinapochoka, na ndipo kazi ilipo. Kila sentensi mtakayoichapisha iingie kwenye daftari pamoja na ilikotoka, ukurasa, na jina la aliyeihakiki. Mhakiki asiwe yule aliyeiandika.

Anzeni na jina lenyewe. Kiswahili kina "mauaji ya halaiki" na "mauaji ya kimbari", na watu huyachanganya kila siku. Halaiki ni umati, yaani wengi wameuawa pamoja. Kimbari inatoka kwenye mbari, yaani ukoo au asili: mtu anauawa kwa sababu ya kundi alilozaliwa ndani yake. Hiyo ndiyo maana iliyomo kwenye sheria. Mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi wa Poland, aliupa uhalifu huu jina lake la kimataifa mwaka 1944, na tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ukapitisha Mkataba wa kuuzuia na kuuadhibu. Mkataba unataka nia: nia ya kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, la kikabila, la rangi au la kidini. Matendo yanayotajwa ni matano: kuua, kudhuru vibaya mwili au akili, kuliwekea kundi hali ya maisha ya kulimaliza, kuzuia uzazi, na kuwahamisha watoto kwa nguvu. Someni hayo matano mara mbili. Manne kati yake hayataji kuua.

Kisha chora safu tatu kwenye ukurasa mmoja.

Safu ya kwanza: mahakama imehukumu. Rwanda imo humu. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu tarehe 2 Septemba 1998, na hiyo ndiyo hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Srebrenica, mji wa Bosnia, Julai 1995, nayo imo.

Safu ya pili: kesi imefunguliwa au amri ya muda imetolewa. Gambia iliishtaki Myanmar mwaka 2019 kuhusu Warohingya, jamii ya Waislamu nchini humo. Afrika Kusini iliishtaki Israel Desemba 2023 kuhusu Gaza, na tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Haki ya Kimataifa, ile inayosikiliza kesi za nchi dhidi ya nchi, ikatoa amri ya muda. Amri ya muda ni agizo la kuzuia madhara wakati kesi ikiendelea, si hukumu. Mwanafunzi anayeandika "mahakama imethibitisha" juu ya amri ya muda anampa mpinzani fimbo ya kumchapia.

Safu ya tatu: serikali, tume au watafiti wamesema. Darfur, magharibi mwa Sudan, ni somo zuri. Septemba 2004 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alitamka kuwa ni mauaji ya kimbari. Januari 2005 tume ya Umoja wa Mataifa ikasema haikuona sera ya serikali ya mauaji ya kimbari, ila uhalifu uliofanyika huenda si mdogo kuliko huo. Mwaka 2010 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ile inayoshtaki watu binafsi, ikatoa hati ya kumkamata Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati huo, kwa kosa hilohilo. Tukio moja, kauli tatu. Bango linalosema "nani alisema nini, lini" haliangushwi.

Kesi nyingine hugawanyika ndani kwa ndani. Kambodia, chini ya utawala wa kikomunisti wa Khmer Rouge kati ya 1975 na 1979, watu takriban milioni 1.7 walikufa. Mwaka 2018 Nuon Chea, mmoja wa viongozi wake wakuu, alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wacham (Waislamu wa huko) na Wavietnamu, huku Wakhmer wengi waliouawa wakihesabiwa chini ya uhalifu dhidi ya binadamu. Mtu akikuuliza "kwa nini wengine ndiyo na wengine hapana?", jibu liko kwenye nia na kundi, palepale pa mwaka 1948.

Angalizo: safu hizi zisiwafunge midomo. Katika kesi ya Bosnia, mwaka 2007, Mahakama ya Haki ya Kimataifa ilisema wajibu wa nchi kuzuia unaanza pale inapojua, au ilipopaswa kujua, kwamba kuna hatari kubwa. Anayesema "ngojeni hukumu ndipo mseme" someni naye aya hiyo.

Angalizo la pili, kuhusu tarakimu: msiandike idadi bila mwenyewe. Rwanda, kwa mfano, makadirio mengi yanataja watu 800,000 hivi. Serikali ya Rwanda inasema zaidi ya milioni moja. Andikeni yote mawili na nani anasema. Mkichagua moja kimya kimya, atatokea mtu na nyingine na mjadala utahamia kwenye hesabu.

3. Zungumzeni kwanza na wenye msiba.

Kabla ya bango lolote, watafuteni wanafunzi wanaotoka katika jamii iliyofikwa. Mwende wawili, siyo kundi zima. Ulizeni mambo matatu: ninyi mnaliitaje tukio hili? Nini msingependa kukiona ukutani? Mngependa kushiriki, na kama ndiyo, kwa jina au bila jina?

Swali la kwanza linaokoa mengi. Mtu akiandika "vita vya Wahutu na Watutsi vya 1994" ameshaufunga mlango kabla ya kusema neno la pili. Mwaka 2018 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali jina "mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi", na ndilo manusura wanalotumia. Pembeni mnaweza kueleza kwamba Wahutu waliopinga mauaji nao waliuawa. Jina halifuti hilo.

Swali la tatu lina hatari ndani yake. Mwanafunzi ambaye ndugu zake bado wako kule, chini ya watu walewale wanaoshutumiwa, anaweza kuwaponza kwa picha moja tu ya simu. Akisema hataki kuonekana, basi haonekani: hapigwi picha, hatajwi kwenye shukrani, jina lake haliingii kwenye orodha ya sahihi. Na akisema hataki kuzungumza kabisa, msimrudie mara ya pili.

4. Andaeni ombi moja linalopimika.

Mtu akiguswa atauliza, "Sasa mimi nifanyeje?" Mkimjibu "sambaza ujumbe" ameshawapotea.

Mwaka 2004 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walianzisha kikundi cha STAND kwa ajili ya Darfur, na kampeni za vyuo vilivyofuata zikaja na ombi ambalo mhasibu yeyote angelielewa: chuo kiuze hisa zake katika kampuni zinazoipa serikali ya Sudan fedha za mafuta. Aprili 2005 Chuo Kikuu cha Harvard kilitangaza kuuza hisa zake za PetroChina, kampuni ya mafuta ya China. Ombi hilo lilijibika kwa ndiyo au hapana, ndiyo nguvu yake.

Lenu laweza kuwa dogo zaidi. Maktaba inunue vitabu kumi vilivyoandikwa na manusura. Idara ya historia iongeze mhadhara mmoja. Wanafunzi ambao nchi zao zinawaka waongezewe muda wa kulipa ada. Andikeni ombi kwa sentensi moja, liwe na jina la ofisi inayoweza kulikubali. Msipoijua ofisi hiyo, ombi bado halijaiva.

5. Tarehe na kibali.

Kuna siku zinazotambulika: 27 Januari (Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi), 7 Aprili (Rwanda), 24 Aprili (Waarmenia), 11 Julai (Srebrenica), 9 Desemba (wahanga wote wa mauaji ya kimbari). Chagueni iliyo karibu, mkikwepa wiki ya mitihani. Ombeni kibali kwa maandishi, mtaje eneo, saa, na kama kuna kipaza sauti, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Nakala hiyo iwe mezani kila siku, maana mlinzi wa zamu ya mchana hajui alichoambiwa wa asubuhi.

6. Maonyesho.

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea vibaya kuliko kwingine kote.

Mwaka wetu wa kwanza tulibandika picha za maiti, kubwa, kwenye korido inayoelekea maktaba. Tuliamini watu wasiposhtuka hawatajali. Siku ya pili asubuhi msichana mmoja alitoka na vitabu, akafika usawa wa picha ya tatu, akasimama. Hakulia. Aliweka vitabu sakafuni, taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala, akageuka akaondoka bila vitabu. Alivifuata jioni kwa mtu wa mapokezi. Tulikuja kujua baadaye kwamba familia ya baba yake iliishia mahali kama pale pichani. Wengine wote, wale tuliotaka washtuke, walikuwa wamejifunza ndani ya siku moja kupita ile korido wakiangalia simu.

Tangu hapo kanuni yetu ni hii: picha ya mtu akiwa hai kwanza. Harusi, darasa, timu ya mpira, mtu na baiskeli yake. Kando yake maelezo mafupi ya nani alikuwa, alifanya kazi gani, nini kilimpata. Halafu ramani moja. Halafu mfuatano wa matukio ulioanza miaka kadhaa kabla ya mauaji, kwa sababu mauaji haya hutanguliwa na maneno. RTLM, redio ya chuki ya Rwanda, ilianza kurusha matangazo Julai 1993, miezi tisa kabla, na ilizoea kuwaita Watutsi mende. Neno la namna hiyo likiingia ukutani kwenu, lizungukwe na maelezo na liwe kwa herufi ndogo. Mkiliandika kwa herufi kubwa mnalirudia tu.

Kama mnaona ni lazima kuwe na picha ngumu, ziwe ndani ya chumba au nyuma ya pazia, na tangazo mlangoni, ili aingiaye awe ameamua.

Hakikini kila picha. Ipitisheni kwenye utafutaji wa picha mtandaoni mpate ilipotokea mara ya kwanza, nani aliipiga, wapi. Kosa linalojirudia sana kuhusu Rwanda ni picha za buldoza likisukuma maiti. Nyingi ni za Goma, ng'ambo ya mpaka, Julai 1994, na waliomo ni wakimbizi waliokufa kwa kipindupindu baada ya mauaji, ambao miongoni mwa wakimbizi wenzao walikuwemo wauaji wenyewe. Kuibandika picha hiyo kama picha ya wahanga ni kosa ambalo manusura hulitambua akiwa bado mlangoni.

La mwisho ni dogo: bandika bango, rudi nyuma hatua tano, lisome. Usipolisoma, hakuna atakayelisoma.

7. Vipeperushi.

Karatasi moja ya A4, ikunjwe mara mbili. Ukurasa wa mbele swali moja, ndani mambo matano yaliyohakikiwa, nyuma ombi lenu na mahali pa kutia sahihi. Maneno yasizidi 300.

Nikisikia mtu anasema vipeperushi vimepitwa na wakati huwa nawakumbuka Hans na Sophie Scholl, wanafunzi wa Ujerumani waliowapinga Wanazi. Kipeperushi cha pili cha kikundi chao, mwaka 1942, kiliwaambia Wajerumani kwamba Wayahudi 300,000 walikuwa wameuawa Poland. Tarehe 18 Februari 1943 ndugu hao wawili walikamatwa wakivisambaza ndani ya jengo la Chuo Kikuu cha Munich. Siku nne baadaye wakauawa. Walikuwa na mashine ya kurudufu na stempu za posta, basi.

8. Meza.

Wawili wawili, zamu ya saa moja. Mmoja anaongea, wa pili anasikiliza na kuandika swali lolote lililowashinda. Simameni mbele ya meza. Mkikaa nyuma yake mnafanana na wauza tiketi. Msimzuie mtu njia. Salamu, kipeperushi, na swali moja fupi: "Una dakika mbili?" Akisema hana, mshukuru.

Mazungumzo ya kawaida kuhusu Rwanda, nimeyasikia mara nyingi hivi:

"Dada, kwani hiyo si ilikuwa vita tu?"

"Vita vilikuwepo, kaka, jeshi la serikali na waasi wa RPF. Ila watu waliojificha kanisani Ntarama hawakuwa jeshi la mtu. Walifuatwa kwa sababu ni Watutsi."

"Walijulikanaje?"

Hilo ndilo swali la pili. Asiyesoma atasema "kwa sura", na hapo amerudia hoja ya wauaji. Aliyesoma atasema: kwa kitambulisho. Tangu miaka ya 1930, chini ya Wabelgiji, kadi ya kila mtu iliandikwa kabila. Mwaka 1994, kwenye kizuizi cha barabarani, ulitoa kadi. Pia majirani walijuana, na orodha zilikuwepo. Nimeona watu wakiweka begi chini baada ya jibu hilo.

Angalizo: usibahatishe. "Sijui, niandikie swali lako, kesho saa nne nitakuwa hapa na jibu" ni jibu halali, mradi kesho saa nne uwepo kweli.

9. Ushuhuda wa manusura.

Mkipata manusura aliye tayari kuzungumza, kutaneni naye kabla. Yeye ndiye aseme atazungumzia nini na atakomea wapi. Mwulizeni kama atapokea maswali, kama anakubali kurekodiwa, na kama anataka mtu wa kukaa naye baadaye. Nauli na posho mmalizane kabla ya siku, asije akaanza kudai mbele za watu. Dakika 30 hadi 40 zinatosha.

Maswali yaandikwe kwenye karatasi na mwenyekiti ayachuje. Nimewahi kushuhudia mtu akisimama na kumwuliza mama wa watu kama amewasamehe, dakika mbili baada ya mama huyo kutaja watoto wake. Karatasi ingemwokoa.

Baada ya ushuhuda msifungue mziki na msitoe matangazo. Kaeni kimya dakika moja, kisha milango ifunguliwe.

10. Mkesha.

Ni sehemu rahisi kuliko zote. Mishumaa (au taa za simu kama moto hauruhusiwi), usomaji wa majina, nusu saa. Fanyeni zoezi la kutamka majina na mtu anayeijua lugha hiyo. Jina la marehemu likiborongwa mbele ya nduguye, mishumaa haisaidii.

11. Mtandaoni.

Chapisho moja kwa siku, lenye jambo moja na chanzo chake. Mjadala usifanyike kwenye maoni, waelekezeni mezani. Nyuso za umati zisionekane bila ruhusa.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Kibali kimekataliwa. Ombeni sababu kwa maandishi. Mara nyingi tatizo ni eneo au kipaza sauti, si mada. Mhadhara wa darasani ukiongozwa na mhadhiri wenu kwa kawaida ni rahisi kukubaliwa kuliko meza uwanjani, na maonyesho ndani ya maktaba ni rahisi kuliko yote. Mkiamua kupita njia ya kukaa uwanjani bila kibali, amueni mkijua: Aprili 2024, siku moja baada ya wanafunzi wa Columbia, New York, kuweka mahema kuhusu Gaza, polisi waliingia na kukamata zaidi ya watu 100. Mwanafunzi anayesoma kwa viza au kwa mkopo ana cha kupoteza zaidi kuliko mwenzake. Asishinikizwe kukaa mstari wa mbele.

Mabango yamechanwa. Pigeni picha, toeni taarifa, bandikeni upya kesho yake asubuhi. Muwe na nakala ya pili tangu mwanzo.

Amekuja mkanushaji. Mtofautisheni na mwenye swali. Mwenye swali husikiliza jibu. Mkanushaji anahama kwenye jingine kabla hujamaliza. Wa kwanza mpeni muda wote. Wa pili mpeni kipeperushi na mseme "vyanzo viko humu". Msimpe jukwaa la mdahalo, kwa kuwa mdahalo unageuza jambo lililohukumiwa kuwa maoni mawili sawa.

"Mbona hamuongelei kule kwingine?" Mara nyingine ni mtego, mara nyingine ni mtu mwenye maumivu yake. Jibu letu: "Wiki hii tuko hapa. Ukitaka kuandaa ya kule, daftari letu la vyanzo ni lako na tutakuja kupanga viti." Wawili kati ya watu tuliowajibu hivyo walirudi na kuandaa.

Wanafunzi wa kabila au taifa la waliotenda wanatukanwa. Hili lisimamisheni hapohapo, hata kama anayetukana ni wa kikundi chenu. Mkataba unataka waadhibiwe watu mmoja mmoja kwa walichofanya. Mkiruhusu kundi zima lilaumiwe, kile kilichoandikwa ukutani kimewashinda wenyewe.

Wamekuja watu tisa kwenye ukumbi wa mia mbili. Wasogezeni mbele wakae mduara. Mazungumzo bora niliyowahi kuyasikia yalikuwa ya watu kumi na mmoja, na yaliisha mlinzi alipotaka kuzima taa.

Mtu amevunjika moyo, analia. Mmoja wenu, aliyeteuliwa tangu mwanzo, atoke naye hadi mahali penye utulivu, asimhoji, ampigie mtu wa ushauri nasaha. Nanyi wenyewe pumzikeni: kusoma haya kwa wiki sita huingia usingizini. Kama kuna mwenzenu ameanza kukosa vikao, mtafuteni kama rafiki, msimwulize kuhusu mabango.

Mmekuta kosa kwenye kazi yenu. Litawapata. Sisi tuliandika Srebrenica 1992, mwaka vita vya Bosnia vilipoanza, badala ya 1995. Bango lilikaa siku mbili likisomwa na mamia, pamoja na wahadhiri, hadi kijana wa mwaka wa kwanza alipokuja mezani akiwa na aibu kana kwamba kosa ni lake. Tulitaka kubandua na kubandika jipya kimyakimya. Mwenzetu mmoja akakataa. Tukakata kipande cha manila, tukakibandika palepale juu ya tarakimu, tukaandika kwa makapeni: "Tulikosea. Ni Julai 1995. Asante kwa aliyetuambia." Kijana yule alichukua zamu ya alasiri siku iliyofuata.